Ngara na Biharamulo zinahitaji kalenda mpya ya moto

Kila mwaka ifikapo Agosti, kabla tone la mvua halijaanguka, miombo ya kata ya Nyakisasa, wilayani Ngara, huanza kuvaa upya. Vilima vilivyokuwa vya kijivu tangu Julai hugeuka vyekundu kwanza, kisha rangi ya shaba, kisha kijani kibichi. Wakati huo udongo ni mkavu, vijito vingi vimenywea na mvua za vuli bado ziko mbali. Mgeni anayevitazama vilima hivyo akiwa barabarani atadhani kiangazi kimekwisha. Kumbe ndiyo kwanza kinaingia katika wiki zake mbaya kuliko zote, wiki ambazo moto kichaa hupanda kilima kwa mchana mmoja na kuacha majivu mpaka upande wa pili.

Wilaya za Ngara na Biharamulo, kama sehemu kubwa ya nchi yenye miombo, huanza kuuzungumzia moto moshi ukishaonekana. Hapo ndipo vikao huitishwa, onyo hutolewa na watuhumiwa husakwa. Lakini moto wa Septemba huzuiwa Juni, na Juni yenyewe hupita kimya. Hilo ndilo linalopaswa kubadilika, tena linaweza kubadilika bila kusubiri ndege wala magari ya zimamoto.

Kinachodanganya macho ni kwamba msitu wa miombo huishi misimu miwili kwa wakati mmoja. Juu kwenye matawi, miti ya mtundu na muva huwa imetoa majani mapya, laini, yaliyojaa maji ambayo mizizi imeyavuta kutoka kina kirefu na mengine yaliyotunzwa ndani ya shina tangu mvua zilizopita. Chini, nyasi zilizoota wakati wa masika na kukipita kimo cha mtu zimekauka hadi kwenye mashina. Juu ya udongo yamelala majani makavu ambayo miti hiyo hiyo imeyapukutisha wiki chache tu zilizotangulia. Kijani cha juu hakiwezi kuuzuia moto wa chini, kwa sababu moto wa miombo haulishwi na miti. Unalishwa na nyasi, na nyasi hazitapata unyevu mpaka mvua inyeshe.

Katika misitu ya kaskazini ya dunia mambo huenda kinyume. Nchini Kanada, theluji ikishayeyuka mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei, nyasi na majani ya mwaka uliopita hubaki wazi juani. Miti ya majani mapana kama aspeni ingali mitupu, haina kivuli cha kulinda unyevu wa ardhi wala majani ya kuvunja nguvu ya upepo. Misonobari na jamaa zake haipukutishi majani yote, lakini katika kipindi hichohicho sindano zake za zamani huwa na maji machache kuliko karibu wakati mwingine wowote wa mwaka. Aspeni ikishajaa majani, kivuli hurudi, nyasi changa huota na hatari hiyo ya mwanzo wa mwaka hupungua. Watu wa huko wanaijua nafasi hiyo kati ya theluji na majani, na wanaiogopa.

Wana sababu. Mei 2011 moto ulikula karibu theluthi moja ya mji wa Slave Lake, katika jimbo la Alberta. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Mei 2016, moto mwingine uligunduliwa karibu na Fort McMurray, mji wa wachimba mafuta katika jimbo hilohilo. Siku mbili baadaye watu wapatao 88,000 waliambiwa wahame. Majengo takriban 2,400 yaliteketea, na hadi moto huo unadhibitiwa ulikuwa umepita juu ya hekta karibu 590,000. Yote hayo yalianza mwezi Mei, aspeni zikiwa bado hazijapata kivuli cha kutosha.

Baada ya Slave Lake, Alberta iliitazama upya kalenda yake. Msimu rasmi wa moto ulikuwa ukianza tarehe 1 Aprili, na leo unaanza tarehe 1 Machi. Mwezi mmoja unaonekana mdogo, lakini unaamua lini vikosi vinaajiriwa, lini mtu anahitaji kibali ili kuchoma takataka za shamba na lini vifaa vinatolewa ghalani. Jimbo tajiri lenye ndege za kumwaga maji liliona kwamba kuzifuata tarehe za miti na nyasi lilikuwa jambo la kuwekewa sheria.

Nyakisasa haina theluji, lakini ina nafasi yake ya hatari, na nafasi hiyo ina umbo lake lenyewe. Kwa Alberta majani mapya ni dalili ya nafuu. Kwa Ngara na Biharamulo majani mapya ni dalili kwamba muda wa kuchoma kwa usalama ulikwisha zamani. Kuanzia mti unapochipua mpaka mvua ya kwanza ya maana, moto wowote unaowashwa porini unakutana na nyasi zilizokauka kabisa, jua kali, hewa isiyo na unyevu na upepo wa mchana. Unakutana pia na mti uliotumia akiba yake kutengeneza majani. Majani hayo yakibabuka, mti unalazimika kuchota tena akiba hiyo hiyo ili utoe mengine. Maua huenda pamoja nayo, na nyuki wanaotegemea maua ya mtundu hukosa chakula wakati wanapokihitaji sana.

Tofauti kati ya moto wa mapema na moto wa kuchelewa imepimwa, tena si mbali na hapa. Huko Ndola, Zambia, mwaka 1933 maofisa wa misitu waligawa vipande vya miombo katika makundi matatu. Kimoja kilichomwa mapema kila mwaka, kingine kilichomwa mwishoni mwa kiangazi na cha tatu kilikingwa kabisa na moto. Matokeo yalichapishwa na C. G. Trapnell mwaka 1959. Kipande kilichochomwa mwishoni mwa kiangazi kilielekea kuwa uwanda wa nyasi wenye miti michache sugu. Kilichochomwa mapema kilibaki na miti yake mikubwa, ingawa miche ilikua kwa taabu. Kilichokingwa kilifunga na kuanza kuwa kichaka kizito cha miti isiyopukutisha majani. Mvua ilikuwa ileile na udongo ni uleule. Kilichotofautisha vipande viwili vya kwanza ni mwezi wa kuwasha kibiriti.

Anayetaka kuliona jambo hilo kwa macho yake na autafute mche wa mninga. Mninga mchanga hauendi juu moja kwa moja. Kila kiangazi kijiti chake hufa, na kila mvua huchipua kingine kutoka kwenye mzizi uleule unaozidi kunenepa chini ya ardhi. Mche wenye shina lisilopita goti unaweza kuwa na mzizi wa miaka kadhaa. Siku moja mzizi ukishakuwa na nguvu za kutosha, hurusha shina refu kwa haraka, na shina hilo likipata msimu mmoja au miwili bila moto mkali, kichwa chake hupita urefu wa ndimi za moto na mti huwa umeokoka. Moto mdogo wa Juni, unaotambaa chini ya nyasi zenye unyevu kidogo, unaweza kuuacha hai. Moto wa Septemba hauuachi. Unaurudisha chini, na mninga unaanza upya safari ileile. Fundi seremala wa Rulenge au Biharamulo mjini anayelalamika kwamba mbao za mninga zimekuwa adimu ana haki ya kulaumu misumeno. Alaumu pia mioto inayozuia mininga mingine isikue.

Ngara ina sababu ya pekee ya kujali jambo hili. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikawa kwa muda miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Walihitaji kupika na kujenga, na hapakuwa na nishati nyingine ila kuni. Vilima vilivyozunguka kambi vilibaki visiki. Wakimbizi wengi wa Rwanda waliondoka Desemba 1996, lakini jeraha la msitu lilibaki kwa wenyeji.

Visiki vya miombo si maiti. Vikiachwa huchipua mashina kadhaa, na ndani ya miongo michache msitu unaweza kusimama tena. Tatizo ni kwamba mahali miti ilipoondoka, jua lilifika chini na nyasi zilijaa. Nyasi nyingi huleta moto mkali, moto mkali huua machipukizi, na machipukizi yakifa nyasi hupata jua zaidi. Huo ni mzunguko ambao msitu hauwezi kuukata wenyewe. Unakatwa na watu kwa kubadili wakati wa kuchoma.

Nani huwasha moto huo? Jibu la haraka ni "watu wasiojulikana", na ni jibu lisilosaidia. Miezi hiyo ya kiangazi radi ni adimu, kwa hiyo karibu kila moto una mkono wa mtu na una sababu. Mfugaji anataka majani mabichi yachipue kwa ajili ya ng'ombe. Mkulima anasafisha shamba kabla ya kupanda. Mchoma mkaa anaacha tanuri likipumua. Mwindaji anafukuza wanyama watoke kichakani. Mwingine anachoma njia ili asikanyage nyoka.

Kisha yuko mrina asali. Anapanda mtundu usiku akiwa na mwenge wa magome na nyasi uliofungwa kwa kamba ya mti, anaupuliza ili utoe moshi badala ya ndimi, anafungua mzinga, anakata masega. Kila pumzi inadondosha cheche. Juni cheche hizo huzimikia kwenye umande. Agosti zinaangukia majani makavu yaliyorundikana kwenye shina la mti uleule uliobeba mzinga wake. Mtu huyu hana nia mbaya na msitu, kwani ndio unaomlisha. Anachohitaji ni bomba la moshi la bati, vazi la kujikinga na shina lililofyekwa nyasi, mambo ambayo kikundi cha wafugaji nyuki kinaweza kuyamudu kikisaidiwa kidogo.

Kwa muda mrefu dawa iliyopendwa na viongozi wengi imekuwa marufuku: asionekane mtu akichoma. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yenyewe ni ya busara kuliko kauli hizo, kwa kuwa imeweka utaratibu wa vibali vya kuchoma. Marufuku ya jumla huleta matokeo yasiyotarajiwa. Mwenye sababu ya kuchoma haachi kuchoma, ila anajificha. Anawasha na kuondoka, hasimami kulinda, hamwiti jirani, na anachagua siku ambayo moto utakwenda mbali haraka. Siku hiyo haipatikani Juni, inapatikana Agosti na Septemba. Nyasi zilizonusurika kwa marufuku ya Juni ndizo zinazokuwa petroli ya Septemba.

Kuchoma mapema si jambo geni nchini. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) hufanya hivyo katika hifadhi zake, ikiwamo Serengeti, ili nyasi zilizobaki zigawanyike vipandevipande na moto wa baadaye ukose njia. Huko Kilwa, shirika la uhifadhi la MCDI, ambalo vijiji vinavyoshirikiana nalo vilianza mwaka 2009 kuwa na misitu yenye cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, limefundisha wanavijiji kuchoma mapema kama sehemu ya kulinda misitu yao. Kaskazini mwa Australia, katika eneo la West Arnhem Land, wenyeji wa asili wamerudia desturi ya mababu zao ya kuchoma mwanzoni mwa kiangazi, na mwaka 2006 mradi wao ulianza kulipwa na kampuni ya gesi kwa sababu moto wa mapema hutoa gesi joto kidogo kuliko moto wa kuchelewa. Hakuna kinachozuia kilima cha Nyakisasa kuwa na ujuzi huohuo.

Wanaopinga kuchoma mapema wana hoja nzito, na zinastahili kujibiwa. Moto wa Juni huchukua malisho ambayo ng'ombe wangeyala Julai. Hudhuru viota vya ndege na wadudu wa ardhini. Ndola yenyewe ilionesha kwamba mahali panapochomwa mapema kila mwaka, bila kupumzishwa, miche hukua kwa shida. Kwa hiyo kuchoma mapema kusigeuzwe kuwa kuchoma kila kitu. Kipande kinachochomwa mwaka huu kipumzike mwakani. Malisho ya kiangazi yaachwe kwa makubaliano na wafugaji, yakizungukwa na mkanda uliochomwa. Misitu ya mabondeni kando ya vijito isiguswe kamwe, wala mashamba ya misonobari, kwa kuwa msonobari ukiungua hauchipui kama mtundu. Wakulima wa miti wa Mufindi, jirani na shamba la Sao Hill, wanajua hasara ya usiku mmoja wa moto ilivyo kubwa.

Kazi yenyewe haihitaji utaalamu wa vyuo vikuu. Inaanza mwishoni mwa Mei, mvua zikishakatika na nyasi zikiwa nusu njano, nusu kijani. Watu wanafyeka ukanda, wanasimama na matawi mabichi ya kupigia moto, wanawasha saa kumi jioni upepo ukiwa umetulia. Moto unatambaa kwa saa chache, unaruka sehemu zenye unyevu na kuacha mabaka, kisha umande wa usiku unauzima. Kufikia katikati ya Julai nyasi zinakuwa zimeshakauka mno na kazi inapaswa kusimama. Kuanzia mtundu wa kwanza unapotoa majani mekundu, kibiriti kisionekane porini kwa sababu yoyote mpaka mvua zishike. Dalili hizo tatu, yaani nyasi kugeuka njano, miti kuchipua na mvua kushika, zinaonwa na kila mkazi. Zinafaa kuwekwa kwenye sheria ndogo za vijiji kuliko tarehe ya mezani, kwa sababu mvua hazikatiki siku moja kila mwaka.

Taasisi za kuunga mkono zipo. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozaliwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, ina ukubwa wa kilomita za mraba 4,707 na inapakana na vijiji vya wilaya hizi. Moto hautambui mpaka huo, kwa hiyo askari wa hifadhi na kamati za maliasili za vijiji wapange pamoja wapi pachomwe kwanza. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) una maofisa wake wilayani. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa kila mwaka mwelekeo wa mvua za vuli, na Kagera ni miongoni mwa mikoa inayotajwa. Mwelekeo ukisema mvua zitachelewa, maana yake ni wiki zaidi za hatari, na taarifa hiyo iwafikie wafugaji nyuki na wafugaji ng'ombe kwa maneno hayohayo. Radio Kwizera, inayosikika Ngara tangu miaka ya wakimbizi, inaweza kuisoma taarifa ya moto kila jioni kuanzia Mei kama inavyosomwa habari ya bei za mazao.

Linalobaki ni fedha, na hapa ndipo kalenda ya serikali inapogongana na kalenda ya msitu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mwezi Juni, wakati wa kuchoma mapema, mifuko ya halmashauri huwa inafungwa. Fungu jipya linapofika, hata likiwahi, nyasi zimeshakauka na kinachoweza kufanywa ni kuukimbiza moto tu. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliungua na takriban kilomita za mraba 95 zikapita motoni. Mamia ya watu, wakiwamo wanafunzi na wananchi wa kawaida, walipanda mlima kupambana nao kwa siku nyingi. Nchi ilipata nguvu hiyo kwa sababu mlima ule unajulikana duniani kote. Kilima kisicho na jina huko Nyakisasa hakitapata msaada kama huo, na ndiyo maana kinahitaji maandalizi zaidi.

Madiwani wa Ngara na Biharamulo hupitia bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka. Katika vikao hivyo waweke kifungu cha moto kinachojitegemea, kiasi cha kutosha mapanga, buti, mafuta ya pikipiki na posho ya siku chache kwa kamati za vijiji, na waandike kwamba fedha hizo zitoke kabla ya tarehe 15 Mei. Mikutano mikuu ya vijiji ya robo ya kwanza ya mwaka ichague maeneo ya kuchoma na ya kupumzisha, na majina ya watakaosimamia yabandikwe kwenye ofisi ya mtendaji. Vibali vitolewe Mei na visitishwe Julai. Mwananchi atakayetaka kujua kama wilaya yake imejiandaa hatalazimika kusubiri moshi wa Septemba. Ataiuliza ofisi hiyo mwezi Mei, na jibu litakuwepo ukutani au halitakuwepo.